Si kila anayevamia meli ni haramia

Kila habari za meli kuvamiwa zinaporudi redioni, maelezo kwenye soko la Majengo hapa Dodoma huwa yale yale. Mafuta ya kula yamepanda: maharamia. Taa ya Noah imeadimika: maharamia. Mbolea imechelewa na mvua imeshaanza: maharamia tena. Neno hilo moja limebebeshwa mambo matatu yasiyofanana. Yanatofautiana kwa sheria, kwa namna meli inavyojikinga, na kwa anayelipa hasara. Jina likikosewa, dawa nayo hukosewa, na baharini kosa la namna hiyo limewahi kumgharimu mtu maisha.

Tuanze na uharamia wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa mwaka 1982, unauelezea hivi kwa ufupi: ni ukatili, ukamataji au uporaji unaofanywa na watu wa chombo binafsi dhidi ya chombo kingine, kwa faida yao wenyewe, nje ya bahari ya nchi yoyote. Bahari ya nchi huishia maili 12 za baharini kutoka pwani, kama kilomita 22. Ukitoka mjini Dodoma kwa barabara ya Morogoro, kilomita 22 hata Buigiri hujafika. Ndani ya mstari huo, mtu anayepanda meli na panga kuiba kamba na rangi ni mnyang'anyi wa kutumia silaha, na wa kumkamata ni vyombo vya nchi husika. Akivuka mstari akafanya kitendo kile kile, ni haramia, na manowari ya nchi yoyote duniani inaruhusiwa kumkamata.

Jambo la tatu ni mashambulizi ya kivita. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi, kundi la wapiganaji wa Yemen, walishuka kwa helikopta juu ya sitaha ya meli ya magari Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu wakaiteka. Hawakudai pesa. Walisema wazi kwamba sababu ni vita ya Gaza, na baada ya hapo wakahamia kwenye makombora na droni. Sharti la "faida yao wenyewe" halipo hapo, ndiyo maana kampuni za bima huliweka jambo hilo kwenye kapu la vita, si la uharamia.

Sasa ramani, maana ndiyo inayoamua bidhaa ipi ina haki ya kulalamika. Gari lililotumika kutoka Japani, au kontena kutoka China, huja Dar es Salaam kwa kupita kusini-mashariki mwa Asia kisha kuikata Bahari ya Hindi. Bahari ya Shamu haimo njiani. Kwenye Mlango-bahari wa Singapore kuna wezi wengi kweli: mwaka 2024 viliripotiwa visa 43 hapo, kati ya 116 vya dunia nzima. Lakini wengi wa wezi hao huingia usiku, hubeba vipuri vya injini na kutokomea. Meli haisimami wala kuchelewa kwa ajili yao. Mwenye duka la vipuri anayekwambia taa ya Noah imepanda kwa sababu ya Wahouthi basi anakuuzia na hadithi juu yake.

Shehena kutoka Uturuki na Ulaya ndiyo iliyozoea kupita mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu. Meli ikiikwepa njia hiyo na kuzunguka Afrika Kusini, safari ya kutoka kaskazini mwa Ulaya hadi Dar huongezeka takriban maili 2,000 za baharini, siku sita hivi kwa mwendo wa kawaida. Mafuta ya petroli na dizeli yanayotoka Ghuba ya Uajemi au India hayapiti Bahari ya Shamu, ila hukatiza maji ambamo maharamia wa Kisomali huwinda. Huko pwani ya magharibi, Ghuba ya Guinea ina mtindo wake: hawataki meli, wanataka watu. Mwaka 2020 mabaharia 135 walitekwa nyara duniani, na 130 kati yao walichukuliwa huko.

Haramia anavyopanda meli

Mwizi wa kudandia lori hahangaiki na fuso linalokata tambarare ya Manyoni kwa kasi. Husubiri mahali kama mlima Sekenke, lori lililoshiba linapopanda kwa gia ya kwanza. Haramia naye anatafuta vitu viwili tu, mwendo mdogo na ukingo wa chini.

Chombo chake ni faiba, yaani boti ndogo ya wazi, ya mita saba au nane yenye mashine moja au mbili nyuma, watu wanne hadi sita, bunduki za AK, pengine na kirusha roketi, na ngazi nyepesi ya alumini yenye kulabu kichwani. Ngazi ndiyo inayomsaliti: mvuvi hana kazi nayo katikati ya bahari. Nyuma yake, mbali kidogo, kuna chombo mama, aghalabu jahazi au boti ya uvuvi iliyotekwa, kimebeba chakula, mapipa ya petroli na faiba zenyewe. Ndicho kilichowawezesha Wasomali kwenda mbali kiasi kile. Meli ya mafuta Sirius Star, yenye urefu wa mita 330, ilitekwa Novemba 2008 zaidi ya maili 450 kusini-mashariki mwa Mombasa. Hizo ni kama kilomita 830, karibu mara mbili ya barabara ya Dodoma hadi Dar. Imani kwamba meli kubwa haitekwi iliishia hapo. Ukubwa hausaidii, kwa sababu meli ya mafuta ikishiba huzama, na ukingo wake hushuka karibu na maji. Mabaharia huhesabu kwamba ukingo ulio chini ya mita nane juu ya maji unakaribisha ngazi.

Mwendo wa baharini hupimwa kwa noti, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.85. Faiba hukimbia hadi noti 25. Tuseme imeonekana maili tatu nyuma ya meli. Mbali zaidi ya hapo faiba ndogo hupotelea kwenye rada katikati ya mawimbi. Meli ikiwa kwenye noti 12, pengo linafungwa kwa noti 13, na faiba inafika baada ya dakika 14. Meli hiyo hiyo ikiwa kwenye noti 18, pengo linafungwa kwa noti 7 na nahodha ana dakika 26. Tena, mtu akifika ubavuni mwa meli inayokwenda noti 18 anakuta maji yanachemka, na faiba inarushwa huku na huko wakati anajaribu kutundika kulabu. Mwongozo wa kujikinga ambao vyama vya wenye meli viliutoa mwaka 2011, kipindi ambacho Wasomali walihusishwa na mashambulizi 237 kwa mwaka mmoja, uliandika kwamba hakukuwa na taarifa hata moja ya meli kupandwa ikiwa inazidi noti 18.

Kwa nini basi meli zote zisikimbie? Nyingi haziwezi. Meli ya ngano au makaa ya mawe ikijitahidi sana hufika noti 14. Na hata inayoweza hulipa: mwendo ukiongezwa mara moja na nusu, nguvu inayodaiwa kwenye injini huongezeka zaidi ya mara tatu, na mafuta ya safari nzima huwa zaidi ya maradufu.

Kuna mlinzi mwingine asiyelipwa, naye ni upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu kati ya Juni na Septemba, bahari ya Somalia huchafuka kiasi kwamba faiba haiwezi kusimamisha ngazi. Visa hupungua, kisha huibuka tena wakati wa tanga mbili, pepo zinapobadilishana, na kaskazi tulivu. Ukisikia habari za utekaji zimezidi mwezi Novemba au Machi, ujue bahari imelala.

Miiba, maji na masanamu

Ulinzi wa meli unaanza kwa jambo la kiofisi kabisa. Kabla ya kuingia eneo la hatari, nahodha hujiandikisha kwa kituo cha Uingereza kinachofuatilia meli za biashara, UKMTO, na kwa kituo cha usalama cha Umoja wa Ulaya, kisha hutuma mahali alipo kila siku. Meli isiyojulikana ilipo haiwezi kusaidiwa.

Baada ya hapo kazi ni ya mikono. Mgogo anayezungushia boma la ng'ombe miiba anaelewa sayansi nzima ya waya wa wembe. Hauui mtu, unamchelewesha. Roli za waya zenye kipenyo cha sentimita 73 au 98 hufungwa mbili mbili kuzunguka meli, zikining'inia nje ya ukingo, ili kulabu ya ngazi ikose pa kushika. Makosa hutokea kwenye kufunga. Roli iliyoegeshwa tu huvutwa na kulabu hiyo hiyo ikaanguka yote baharini, kama ua la miiba isiyosukwa. Inatakiwa kila mzunguko wa tatu ufungwe kwenye chuma cha meli, na kamba ya chuma ipitishwe katikati ya roli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kosa la pili ni kuacha mapengo: pale ngazi ya rubani wa bandari inapowekwa, pale kamba za kufungia meli zinapopita, na huko shetri, nyuma ya meli, ambako maharamia hupenda kukaribia. Mwanya mmoja wa mita moja unatosha mtu mwembamba.

Mipira ya zimamoto nayo hufungwa ukingoni ikielekezwa chini na nje, na hufungwa ikiwa haina mtu wa kuishika. Baharia aliyesimama ukingoni na mpira mkononi ni shabaha ya bunduki. Shinikizo la psi 80 na kuendelea limewahi kuwarudisha maharamia. Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 na kitu, kwa hiyo fikiria zaidi ya maradufu ya hiyo, ikitoka kama ukuta wa maji. Maji hujaza faiba na kuzima mashine yake. Linaloharibika mara nyingi ni pampu: ikifungulia mipira yote kwa pamoja, shinikizo hushuka na maji hudondoka tu kama bomba la mtaani saa ya mgao. Ndiyo maana hujaribiwa yote kwa wakati mmoja kabla ya safari.

Halafu kuna masanamu. Meli kubwa za kisasa, zenye mitambo ya setilaiti, huvalisha masanamu ovaroli na kuyasimamisha sitahani yaonekane kama walinzi. Aliyewahi kulinda mtama dhidi ya kwelea kwelea hatacheka. Sanamu lisiloguswa wiki nzima halimtishi ndege wala haramia, lazima lihamishwe.

Faiba ikionekana, king'ora hulia na mabaharia wote huingia ndani, mbali na madirisha. Injini hupandishwa hadi mwisho. Nahodha hupiga simu UKMTO, hutangaza kwenye redio ya VHF chaneli ya 16, na hubonyeza kitufe cha siri kinachotuma taarifa kwa kampuni na nchi ya bendera, yaani iliyoisajili meli, bila kutoa mlio wowote melini. Meli huendelea kwenda moja kwa moja, kwa sababu kona kubwa hula mwendo. Faiba ikishakaribia ubavu, ndipo usukani huchezwa kidogo kidogo, kushoto na kulia, ili mawimbi ya meli yenyewe yairushe. Nahodha aliyeingiwa na hofu hukata kona kali, meli inapoteza noti nne au tano, na maharamia wanapata kile walichokuwa wanakikosa.

Chumba cha kujifungia, na kinapogeuka kaburi

Wakishapanda, hatua ya mwisho ni ngome: chumba kimoja chenye mlango wa chuma, mara nyingi cha injini au cha mtambo wa usukani, ambamo mabaharia wote hujifungia baada ya kuzima injini. Haramia anabaki na meli isiyokwenda, bila mateka wa kumwekea bunduki kichwani. Ni sawa na mtu aliyeiba gari ambalo funguo zimemezwa.

Ila inafanya kazi kwa masharti matatu. Watu wote wawe ndani. Wawe na simu ya setilaiti inayopokea na kupiga bila kutegemea umeme wa meli. Na maharamia wasiweze kuwasha injini. Likikosekana moja, makomandoo hawapandi. Mpishi mmoja aliyebaki chooni anaweza kuivunja ngome nzima, kwa sababu akikamatwa, wenzake watafungua mlango wenyewe. Antena ya simu iliyofungwa juu kabisa, mahali panapoonekana, hukatwa kwa panga katika dakika tano za kwanza. Na maji ya kunywa husahaulika: joto la chumba cha injini si la kubahatisha na chupa mbili.

Yakitimia, hufanya kazi vizuri. Januari 2024 watu 21 wa meli Lila Norfolk walijifungia hadi makomandoo wa India walipofika na kukuta maharamia wameshaondoka. Novemba 2025 watu 24 wa meli ya mafuta Hellas Aphrodite walifanya vivyo hivyo mpaka manowari ya Hispania ilipowasili.

Sasa peleka ngome hiyo hiyo Bahari ya Shamu. Kombora, au boti ya mabomu isiyo na mtu, haitafuti mateka. Boti ya namna hiyo hupiga kwenye usawa wa maji, na kilichopo nyuma ya chuma hapo ni chumba cha injini. Juni 2024 meli Tutor ilipigwa, ikazama siku chache baadaye. Baharia mmoja aliyekuwa chumba cha injini hakuonekana tena. Kwa tishio la kivita, watu hukusanywa katikati ya meli, juu ya usawa wa maji, mbali na ubavu na kioo. Waya wa wembe hauna kazi, mwendo wa noti 18 ni kichekesho mbele ya kombora, na kinga ya kweli ni kutopita hapo.

Bunduki na manowari

Wengi huuliza kwa nini mabaharia wasipewe silaha. Baharia ni fundi na mpakaji rangi, si askari. Wanaopewa silaha ni walinzi wa kukodi, mara nyingi watatu au wanne, na rekodi yao ni nzuri: katika miaka mibaya ya Somalia hakuna taarifa ya meli yenye walinzi hao kutekwa. Kazi yao kubwa ni kuonekana. Huonyesha bunduki, hurusha fataki, hupiga majini mbele ya faiba, kisha ndipo mengine. Haraka hapa ni hatari. Februari 2012 wanajeshi wa Italia waliokuwa wakiilinda meli ya mafuta Enrica Lexie waliwaua wavuvi wawili wa Kihindi karibu na Kerala kwa kuwadhania maharamia, na mataifa hayo mawili yakavutana mahakamani kwa miaka.

Manowari nazo zipo tangu 2008, zikiwemo za operesheni ya Ulaya iitwayo Atalanta, lakini piga hesabu. Manowari iliyo maili 300 kutoka kwako, ikikimbia noti 25, itafika baada ya saa 12. Haramia alihitaji dakika 14. Manowari inafaa baada ya tukio, na hata hapo mateka huifunga mikono. Meli Ruen ilitekwa Desemba 2023, ikakaa mikononi mwa maharamia miezi mitatu, hadi jeshi la wanamaji la India lilipoiokoa Machi 2024 kwa operesheni ya saa 40 hivi. Maharamia 35 walisalimu amri, mabaharia 17 walitoka salama.

Tanzania haikukaa pembeni. Ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutia saini makubaliano ya Djibouti ya kupambana na uharamia mwaka 2009, na Dar es Salaam ikawa moja ya vituo vitatu vya kubadilishana taarifa. Oktoba 2011, meli ya utafiti wa mafuta ikiwa kwenye maji yetu, wanajeshi wa Tanzania waliwakamata washukiwa saba.

Bili inamfikia nani

Chukua meli ya dola milioni 40. Bima ya vita kwa safari moja ikitozwa nusu asilimia ya thamani hiyo, ni dola 200,000. Ikiwa imebeba kontena 4,000, kila kontena lina dola 50. Mfanyabiashara aliyepandisha bei kwa theluthi moja na kusema "ni bima ya maharamia" aulizwe dola zilizobaki zimekwenda wapi. Jibu la kweli huwa ni meli zilizochelewa, kontena zilizoadimika, au shilingi iliyoshuka.

Linaloweza kumuumiza hasa ni kitu ambacho wengi hawajawahi kukisikia: mchango wa hasara ya pamoja. Wafanyabiashara kumi wa Kibaigwa wamekodi lori moja. Likazama korongoni, na ili litoke magunia kumi ya mmoja wao yakatupwa. Haki ni wote wachangie magunia yale, na mwenye lori pia, kwa sababu ya wote yameokoka. Sheria ya bahari inasema hivyo hivyo tangu zamani, na pesa ya kuikomboa meli inaweza kuhesabiwa kama yale magunia. Meli ina thamani ya dola milioni 30, shehena yote milioni 20, maharamia wamelipwa milioni 5: kila mmoja anachangia asilimia 10. Kontena lako la dola 40,000 halitoki bandarini mpaka utoe dola 4,000 au dhamana ya kampuni ya bima.

Sheria ya Tanzania inataka shehena inayoingizwa nchini ikatiwe bima kwa kampuni zilizosajiliwa hapa, kwa hiyo hati utakuwa nayo. Itazame kama imeandikwa A, B au C, herufi zinazotumika kwa masharti ya bima ya shehena dunia nzima. Zote tatu zina kifungu cha mchango wa hasara ya pamoja, ila kwenye B na C uliza kwanza kama kinafika kwenye pesa ya kuikomboa meli. Lakini mzigo wako ukiporwa na maharamia, ni A pekee inayolipa. B na C hutaja hatari zake moja moja na uharamia haumo. Kombora la Wahouthi halilipwi na herufi yoyote mpaka ukate kipengele cha vita kivyake. Na kuchelewa, hata kwenye A, hakulipwi: mbolea ikifika Machi mahindi yakiwa yameshabeba, hasara ni ya mwenye duka.